Mama Mvuke na Harufu Iliyouokoa Mguu

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Mwandishi wa makala haya, mstaafu wa posta asiye na haraka ya kwenda popote, yuko tayari kuapa mbele ya yeyote, akiwa ameshika chochote atakachopewa kushika. Na pale ambapo mambo yataonekana makubwa kupita kiasi, msomaji ajue kwamba yalikuwa makubwa kupita kiasi.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Chini kabisa ya jengo la hospitali, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira anasimama mbele ya mlango wa chuma wa duara. Mlango una usukani kama wa lori. Anautazama mshale wa kipimo, anausubiri ushuke hadi sifuri, anausubiri tena kidogo kwa sababu hauamini, kisha anaushika usukani kwa mikono miwili na kuuzungusha.

Mvuke unafumuka na kumfunika mzima. Kwa sekunde kama kumi hivi hakuna mtu pale, kuna buti tu.

"Salama," sauti inasema kutoka ndani ya wingu. "Hakuna aliyebaki hai."

Anazungumzia vijidudu. Hapa ndipo kila mkasi, kila kisu cha upasuaji na kila kipande cha shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi joto mia na ishirini na moja kabla ya kumgusa mgonjwa. Vifurushi mia nne kwa siku. Mtungi wa kuchemshia ni mmoja, mwenye mtungi ni mmoja, na jina lake katika hospitali nzima ni Mama Mvuke.

Kila kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cha buluu na kubandikwa utepe wenye mistari hafifu. Joto likifika inavyotakiwa, mistari inageuka kuwa myeusi. Wahudumu wote duniani hutazama utepe huo wakaridhika. Mama Mvuke anautazama, halafu anafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo: anakiinua kifurushi hadi puani na kukinusa.

"Utepe unakwambia joto limefika," anaeleza huku akinusa cha kumi na tisa. "Haukwambii kama kifurushi kimekauka. Kikiwa na unyevu kinanuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Hicho nakirudisha. Nikikiachia, vijidudu vitarudi kama mpangaji aliyesahau sufuria yake."

Ana miaka hamsini na sita, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia humu ndani. Aliingia hospitali kama mfagizi wa muda, mkataba wa miezi mitatu. Mzee aliyekuwa akiendesha mtungi alipostaafu, nafasi ilikaa wazi kwa sababu kila aliyeletwa kuiona alitoka na kisingizio.

"Waliniuliza kama naogopa moto," anasema. "Nikawaambia nina watoto wanne na mshahara wa mfagizi. Moto ndio nini?"

Mkono wake wa kushoto una makovu mawili ya kuungua, moja la mwaka wa kwanza na moja la mwaka wa tisa, siku mshale ulipoonyesha sifuri na mvuke ungalimo ndani. Tangu siku hiyo ndiyo haamini mshale. Watoto wanne wote wamesoma kwa mtungi huo, ingawa mshahara, kwa maneno yake, "haukuwahi kuonana na tarehe ishirini."

Mume wake ni fundi cherehani, na ana lake la kusema. "Huyu akiingia nyumbani ananusa kwanza, ndipo anasalimia. Mimi niliacha kumdanganya mwaka wa pili wa ndoa."

Pua hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mdogo wa mumewe ni fundi wa kuezeka. Mafundi wenzake walimwita Kenchi, kama zile mbao zinazobeba paa, kwa sababu anatembea juu yake kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Siku moja yapata miaka miwili iliyopita bati lilimponyoka mkononi na kumchana mguu kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Jeraha lenyewe halikuwa la kutisha. Lilishonwa, akaambiwa arudi baada ya wiki.

Alirudi baada ya siku nne, akinuka.

Dawa ya kwanza ilishindwa. Ya pili ikashindwa. Ya tatu ilimtapisha, halafu nayo ikashindwa. Maabara ilileta karatasi yenye orodha ya dawa tano, na mbele ya kila moja neno lilelile: sugu. Bakteria waliokuwa wamehamia mguuni mwa Kenchi walikuwa wameshazizoea dawa zote, wakizipokea kama mtu anavyopokea salamu. Miezi mitatu ikapita. Kidonda kikawa kinasogea kuelekea mfupa.

Daktari wa upasuaji, mtu mrefu anayetumia maneno kana kwamba anayalipia, alisimama mwisho wa kitanda. "Ni mguu au ni mtu," alisema. "Nakupa wiki mbili. Ijumaa ya pili, saa tatu asubuhi, nakata."

Kenchi ana watoto watatu na kazi inayotaka miguu miwili. Akamgeukia Mama Mvuke, mke wa kaka yake, aliyekuwa kando ya kitanda.

"Shemeji, wakishaukata uupitishe kwenye mtungi wako, nikauweke kabatini."

"Na ulivyo mrefu hivyo? Mtungi wangu hautoshi. Labda ukunjwe."

Wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha Mama Mvuke akatoka, akashuka ngazi hadi pale zinapokata kona, akasimama ameutazama ukuta kwa muda mrefu.

Hata hivyo wiki mbili hizo hazikuwa za kukaa bure. Ghorofa ya juu alikuwapo mfamasia kijana, mwembamba, ambaye watu humwita Chupa kwa sababu mifuko ya koti lake haijawahi kuwa mitupu. Nyuma ya duka la dawa la hospitali alikuwa amejijengea mtambo wake: pipa la kuchemshia maji, mvuke unapita katikati ya majani ya mchaichai au vikonyo vya karafuu, unaingia kwenye bomba linalopozwa na maji baridi, na upande wa pili yanadondoka mafuta. Gunia zima la mchaichai linatoa chupa isiyozidi kidole gumba.

Chupa alikuwa akiyaweka mafuta hayo kwenye kisahani cha kioo kilichojaa bakteria sugu, tone moja katikati. Kesho yake kisahani kizima kimechafuka, isipokuwa kuzunguka lile tone. Hapo pana duara safi, jeupe, hakuna anayesogea, kama watu waliomwona anayewadai akiingia mkutanoni.

Mwezi huohuo alipata kibali cha kuyajaribu kwa wagonjwa kumi na mmoja ambao dawa zote zilikuwa zimewashinda. Kenchi akawa wa tano.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Chupa alinyunyizia mafuta kwenye shashi tone kwa tone kwa kipimo chake, akaikunja, akaifunga na kuipeleka kwa Mama Mvuke ikachemshwe. Hakuwa na njia nyingine. Juu ya mlango wa chumba kile pameandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono wa mwenye chumba: HAKUNA KITAKACHOGUSA KIDONDA KABLA YA KUPITA HAPA. Hata mkurugenzi wa hospitali hulisoma tangazo hilo akiwa amenyooka.

Basi mtungi ulipofunguliwa mara ya kwanza, hospitali nzima ilibadilika. Harufu ya mchaichai na karafuu ilipanda kwa ngazi, ikaingia wodini, ikafika mapokezi. Walinzi wa getini walianza kupumua kwa zamu. Mgonjwa mmoja ambaye hakuwa amenusa kitu kwa miaka tisa aliketi kitandani akauliza nani anapika. Asubuhi ya tatu nyuki walikuja, makundi mawili, wakapanga foleni dirishani. Wahudumu wa kufua mashuka walikuwa wakijipitisha pale mlangoni na vikapu vitupu.

"Mama Mvuke, leo umepika nini?"

"Nimepika dawa. Toka."

Kila mtu alifurahi isipokuwa vidonda. Siku ya tano, hakuna badiliko. Siku ya nane, hakuna. Chupa, ambaye hakuwa na mwili wa kupunguza, alipungua. Alipima mafuta upya, yakaua bakteria kwenye kisahani kama kawaida. Akapima tena, yakaua tena. Mguuni hayakuua hata mmoja. Siku ya kumi na moja alianza kuandika barua ya kuusimamisha utafiti.

Siku ya kumi na mbili, Jumatano, gurudumu la kitoroli cha Mama Mvuke lilivunjika. Akabeba vifurushi mwenyewe kifuani hadi wodini. Muuguzi alipokuwa akimfungua Kenchi bandeji, Mama Mvuke alikishika kifurushi cha shemeji yake na, bila hata kufikiri, akakiinua puani.

Kilikuwa kikavu. Kilikuwa safi. Na hakikuwa na harufu yoyote ile.

"Nilidhani nimeshikwa na mafua," anakumbuka. "Nikanusa sabuni ya muuguzi, naisikia. Nikanusa maua ya jirani, nayasikia. Nikainama nikanusa mguu wa shemeji. Mungu anisamehe, ule niliusikia vizuri sana."

"Shemeji, unatafuta nini huko?" Kenchi akauliza.

"Dawa yako."

"Mimi nilidhani iko kwenye bandeji."

"Hata mimi."

Kwa siku kumi na mbili alikuwa amevinusa vifurushi hivyo chini kwake, ndani ya chumba kilichojaa harufu mpaka kwenye dari. Pua yake ilikuwa inauliza swali moja tu, kama kuna unyevu, na jibu lilikuwa hakuna. Leo, mbali na mtungi, ndipo ilipouliza la pili.

Alishuka ngazi mbili mbili. Nje ya chumba chake, bomba la kutolea mvuke linamwaga kwenye mtaro. Aliweka beseni chini ya bomba, akapakia vifurushi vya Chupa, akawasha mtungi na kusubiri. Alipokuwa akisubiri ndipo akaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake muda wote: ule ukijani unaoota ukutani kando ya mtaro ulikuwa umekauka urefu wa hatua tatu, na maji ya mtaroni, ambayo kwa kawaida yana viluwiluwi vya mbu, yalikuwa matulivu kama kioo.

Mtungi ulipomaliza, beseni lilikuwa na maji. Juu ya maji umetanda utando wa rangi ya dhahabu. Chini yamelala matone ya duara, mazito, yamezama. Mchaichai unaelea, karafuu inazama.

"Dawa ya watu kumi na moja," anasema, "ilikuwa inatibu mtaro."

Kwa miaka ishirini na minne alikuwa amepanda ghorofa ya juu mara nne tu, tatu kati ya hizo akimtafuta aliyechukua kitoroli chake. Siku hiyo alipanda na beseni, ngazi arobaini na nane, na buti zake za mpira zikilia kila hatua. Alilitua juu ya meza ya Chupa, juu ya ile barua.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

Chupa alichovya kidole, akanusa, akatafuta kiti kwa mkono wa nyuma.

"Mama, umeyatoa wapi haya?"

"Mtaroni. Hebu niambie, wewe unayatoaje kwenye majani?"

"Kwa mvuke."

"Unapitisha mvuke, mafuta yanapanda nao, unayakamata upande wa pili?"

"Ndiyo, Mama."

"Halafu ukaniletea mimi niyafanyeje? Niyapitishe kwenye mvuke mara ya pili, na yenyewe yabaki kwa heshima?"

Chupa alielekeza kidole chini. "Lakini Mama, pale mlangoni kwako umeandika..."

"Nimeandika mimi, ndiyo. Kwa herufi kubwa. Tumekosea wawili." Akavuta kiti akaketi. "Ila wewe ndiye mwenye shahada."

Mchana wote uliobaki walikaa hapo. Tatizo lilikuwa gumu kama fundo la kamba iliyolowa: bila mvuke shashi si salama, na kwa mvuke shashi haina dawa. Chupa alichora, akafuta, akachora. Mama Mvuke hakuchora. Alifikiria kwa mpangilio wa kazi yake, nini kinatangulia na nini kinafuata.

"Chukulia chai," alisema mwishowe. "Unachemsha maji na sukari pamoja, sawa. Lakini harufu unaitia ukishaepua. Ichemshwe shashi peke yake, ipoe, ndipo utie mafuta."

"Mafuta yenyewe je? Hayajachemshwa."

"Hilo sasa ndilo la kwako. Umesomea nini?"

Alisomea hilo. Mafuta yanaweza kupitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba hakuna bakteria anayepenya, kisha yakachanganywa na nta ya nyuki iliyosafishwa ili yasipeperuke haraka. Kazi hiyo angeifanya ndani ya kabati la kioo, mikono imevaa glavu. Na kwa sababu kitambaa cha buluu kinapitisha harufu kama chandarua, Mama Mvuke alikwenda stoo akarudi na vikopo vya bati vyenye vifuniko vya kubana, vya zamani, ambavyo hakuna aliyekumbuka kama vipo. Yeye alikumbuka. Alikuwa akivihesabu mara mbili kwa mwaka kwa miaka yote hiyo, na kila mara aliulizwa kwa nini havitupwi.

Jioni hiyo Chupa aliweka vipande viwili vya shashi kwenye visahani vya bakteria, kimoja cha utaratibu wa zamani na kimoja cha mpya. Alhamisi mchana majibu yalikuwa tayari. Cha zamani kilikuwa kimemezwa kizima. Cha mpya kilikuwa kimezungukwa na duara safi.

Lakini Ijumaa saa tatu ilikuwa imebakiza chini ya saa ishirini na nne.

Mama Mvuke alimngoja daktari wa upasuaji mlangoni pa chumba cha upasuaji, visahani viwili mkononi. Daktari alivitazama. Alivitazama vizuri, na kwa muda.

"Hiki ni kisahani," alisema. "Ule ni mguu. Chumba kimeshapangwa, Mama."

"Najua. Visu vyako viko kwangu."

"Unanitisha?"

"Sikutishi, Daktari. Nakukumbusha vinakolala." Halafu akaacha utani. "Miaka ishirini na minne sijawahi kukupa kifurushi ambacho nisingemfungia mwanangu. Siku hizi kumi na mbili nimekupa. Vilikuwa vitupu, na vimepita mikononi mwangu. Nipe siku saba nikupe kile ulichotakiwa kupewa. Baada ya hapo ukitaka kukata, visu nitakuchemshia mwenyewe, na mguu nitaushika mimi."

Daktari aliangalia dari. "Homa ikipita thelathini na tisa, hata kama ni saa ngapi, nakata."

"Nimekubali."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mgonjwa."

Kenchi, kutoka kitandani, alisema anakubali hata miezi saba.

Bandeji ya kwanza iliyo na dawa kweli ilifungwa jioni hiyohiyo. Kenchi alishtuka. "Inawasha kama pilipili!" Mama Mvuke alipiga kofi kwa furaha. Kwa siku kumi na mbili hakuna bandeji iliyomwasha.

Siku ya pili homa ilipanda. Thelathini na nane na nusu, kisha nukta saba. Daktari alikuja, akasimama mwisho wa kitanda, akaweka mikono mfukoni. Mama Mvuke alikuja na buti zake akasimama upande wa pili. Walikaa hivyo wakimtazama muuguzi akipima kila nusu saa, mpaka zebaki ikafika thelathini na nane na nukta tisa, ikakaa, ikakaa, na saa kumi jioni ikateremka. Daktari akatoa mikono mfukoni na kuondoka. Mama Mvuke anaapa kwamba alimsikia akipiga mluzi kwenye korido.

Siku ya tatu asubuhi aliingia wodini, akafika kitandani, akasimama ghafla.

"Nilinusa mara tatu," anasimulia, na hapa ndipo anapoweka kazi chini ili mikono isaidie kueleza. "Ile harufu. Ile iliyokaa na sisi miezi mitatu, inayoingia hadi kwenye nguo. Haipo. Nanusa karafuu, nanusa mchaichai, nanusa mtu ambaye hajaoga. Nikamwambia, shemeji, unanuka jasho! Akadhani namtukana. Nilikuwa nalia."

Siku ya tano nyama mpya ilionekana, nyekundu, yenye chembechembe, ikitoka pembeni kuelekea katikati. Siku ya saba daktari wa upasuaji alikuja na wanafunzi wake wanane. Akafungua bandeji mwenyewe. Kisha, mbele ya wote wanane, mtu huyo mrefu aliinama, akaweka pua yake karibu na kidonda, akanusa.

Akanyooka, akatoa kalamu, akafungua jalada na kuifuta ile Ijumaa kwa mstari mmoja.

"Andikeni," aliwaambia wanafunzi. "Andikeni kwamba hatukukata."

Wodi nzima ilipiga makofi, yaani wale wenye mikono miwili isiyo na plasta, na wenye mmoja walipiga kitanda. Kidonda kilifunga kabisa baada ya wiki saba. Kenchi alitoka hospitali kwa miguu yake yote miwili, akakataa kiti cha magurudumu, akamwambia aliyekuja nacho akipe mwenye haja.

Kati ya wagonjwa wale kumi na mmoja, wanane walipona vidonda vyao. Wawili walipata nafuu ya polepole na bado wanafungwa hadi leo. Mmoja alipoteza vidole viwili vya mguu, na Mama Mvuke humtaja huyo kila anapopongezwa, kabla hajasema ahsante.

Utafiti ulipoandikwa, Chupa aliweka majina matatu juu yake, na la tatu lilikuwa jina kamili la Mama Mvuke kama lilivyo kwenye kitambulisho. Watu wa hospitali walilisoma wakaulizana huyu ni nani.

Kisha akampeleka kwenye mkutano wa wataalamu. Ukumbi ulikuwa na viti vya vitambaa na watu waliovaa tai. Chupa alizungumza kwa michoro nusu saa. Mama Mvuke alizungumza dakika nne, akiwa ameshika kile kikopo cha bati.

"Ninyi mnatafuta dawa mpya, Mungu awabariki," aliwaambia. "Lakini mkishaipata, mshuke ngazi mmuulize anayeichemsha. Sisi huko chini tuna pua."

Ukumbi ulisimama. Makofi yalipigwa mpaka taa moja ya dari ikaachia. Profesa mmoja mwenye mvi alimfuata akitaka kujua namna ya kunusa kifurushi, naye akamfundisha palepale, kwa leso.

Hospitali nayo haikukaa kimya. Ilimpa cheti, buti mpya, na mwaka huu imempa msaidizi wa kwanza katika maisha yake ya kazi, mama mmoja aliyetoka chumba cha mashuka, ambaye tayari ana pua ya kutumainiwa.

Ukimuuliza anachotaka sasa, hajiumi ulimi. Amebakiza miaka minne kustaafu. Anataka chumba cha pembeni chenye dirisha, meza mbili na kabati lake la kioo, pa kuandalia bandeji za mafuta tu. Na anataka wahudumu wa mitungi kutoka zahanati ndogo waje kwake kwa zamu, wiki mbili mbili. Chumba kimeshapatikana. Wa kwanza sita wanaanza mwezi ujao.

"Nikiondoka hapa," anasema, "nataka niache pua ishirini."

Makala haya yangeishia hapo, na yangekuwa yameishia vizuri. Ila mwandishi aliona ni adabu kuyapeleka kwa mwenyewe ayasikie kabla hayajachapwa. Alimkuta na Kenchi, aliyekuja kukaguliwa mguu. Kenchi akachukua karatasi akasoma kwa sauti.

"Ngoja," Mama Mvuke akasema. "Nyuki gani?"

Mwandishi akajibu kwamba nyuki walikuwapo.

"Makundi mawili?"

Akajibu kwamba pengine kundi moja.

"Mzee."

Akajibu kwamba mmoja.

"Alikuwa nzi," Kenchi akasema. "Hata mimi nilimwona. Na hiyo taa ya ukumbini?"

Mwandishi akaanza kueleza kuhusu taa, lakini Mama Mvuke hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa ameinua kichwa. Akavuta hewa kwa pua, mara moja, akasogea, akavuta tena.

"Mzee, hiyo karafuu inatoka wapi?"

"Nimetoka kunywa chai, Mama."

"Chai hainywewi kwa goti. Pandisha suruali."

Mwandishi alikumbuka kwamba ana miadi. Kenchi, kwa mguu ule uliotaka kukatwa, alimtangulia mlangoni akasimama hapo.

Suruali ikapanda. Wiki iliyopita mwandishi alijigonga kwenye chuma cha kitanda akachubuka kidogo chini ya goti, na kwa kuwa alikuwa amesikiliza habari hizi siku kumi na nne mfululizo akajiona ameiva. Akanunua kichupa cha mafuta ya karafuu sokoni akakimimina chote. Mchubuko wa ukubwa wa ukucha sasa ulikuwa umeungua upana wa kiganja, na malengelenge juu.

"Matupu?" Mama Mvuke aliuliza kwa sauti ya chini. "Umeyatia matupu? Haya ni moto, Mzee! Tone moja ndani ya nta kibao, limepimwa, na daktari ameshaangalia kama unalihitaji hata hilo moja! Wewe ulihitaji maji na sabuni!"

"Mwambie, shemeji," Kenchi akasema, akiwa na furaha kubwa.

Hukumu ilitolewa papo hapo. Mwandishi aliketishwa kwenye stuli na Kenchi akamshika mabega. Alioshwa na muuguzi kwa maji matupu, akafungwa kwa shashi tupu isiyo na mafuta ya aina yoyote, na akapiga kelele ambazo hazitaandikwa hapa. Ameamriwa aje kila siku saa mbili asubuhi kwa siku tisa. Ameamriwa aandike haya yote, ya nzi na ya goti, bila kuyapunguza, ili msomaji asije akamwiga. Na kila siku akishafungwa abaki kwenye meza ya chumba kipya akunje shashi za wale sita wa mwezi ujao.

Leo ni siku ya nne. Amekunja mia moja na arobaini. Mama Mvuke amerudisha themanini.